Mashine Isiyo na Chuma: Historia ya Utekelezaji wa Lugha za Mantiki

Kila lugha ya programu hukabiliwa na swali lile lile, yaani namna ya kuyageuza maneno aliyoyaandika binadamu yawe matendo ya mashine ambayo haijui lolote isipokuwa kuhamisha namba kutoka mahali pamoja katika kumbukumbu hadi pengine, kuzijumlisha, kuzilinganisha na kuruka kutoka agizo moja hadi jingine. Lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, ilitungwa karibu na tabia hizo za mashine, na kwa hiyo safari ya kuifikisha kwenye maunzi ilikuwa fupi. Lugha za mantiki zilianzia upande wa mbali kabisa, kwa sababu mwandishi wake haiambii kompyuta ifanye nini kwanza na nini baadaye, bali hutaja mambo yaliyo kweli na kanuni zinazoyaunganisha, kisha huuliza swali na kuiachia kompyuta itafute jibu. Kati ya kauli za namna hiyo na maunzi palikuwa na pengo pana, na historia ya lugha hizo kwa sehemu kubwa ni historia ya jinsi pengo hilo lilivyozibwa kwa kubuni mashine ya katikati, isiyo na chuma wala nyaya, ambayo wataalamu huiita mashine dhahania.

Mashine dhahania ni kompyuta inayoelezwa kikamilifu bila kujengwa. Ina maagizo yake, ina rejista zake, yaani visanduku vichache vya kuhifadhi thamani zinazoshughulikiwa kwa wakati huo, na ina maeneo yake ya kumbukumbu, lakini hakuna kiwanda kilichoitengeneza. Programu iliyoandikwa katika lugha ya juu hutafsiriwa kwanza kuwa maagizo ya mashine hiyo, kisha maagizo hayo huigizwa na programu nyingine ndogo, au hutafsiriwa mara ya pili kuwa maagizo ya chipu halisi. Wazo lenyewe halikuzaliwa na lugha za mantiki, kwani Mwingereza Peter Landin alikwisha kueleza mashine ya aina hiyo mwaka 1964, na katika miaka ya 1970 Niklaus Wirth na wenzake wa Zürich waliieneza lugha ya Pascal katika vyuo vingi kwa njia iyo hiyo. Kwa lugha za mantiki, hata hivyo, mashine dhahania haikuwa njia ya kurahisisha usambazaji tu, bali ndipo mahali ambapo maana ya lugha na gharama ya kuitekeleza zilipokutana na kuweza kupimwa pamoja.

Mizizi ya lugha hizi imo katika jitihada za kuifanya kompyuta ithibitishe nadharia za hisabati. Mwaka 1965 John Alan Robinson, msomi wa falsafa aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi Marekani, alichapisha kanuni iliyoitwa rezolusheni, ambayo ilikusanya njia nyingi za kufikia hitimisho katika hatua ya aina moja tu, ili mashine isihangaike kuchagua kati ya kanuni kumi tofauti za mantiki. Kiini cha kanuni hiyo ni uoanishaji, yaani kazi ya kuchukua semi mbili zenye vigeu na kutafuta ni thamani zipi zikiwekwa mahali pa vigeu hivyo zitazifanya semi hizo ziwe sawasawa. Usemi baba(juma, Y) na usemi baba(X, asha) huoana mara X inapokuwa juma na Y inapokuwa asha, ilhali baba(juma, asha) na baba(musa, Y) haziwezi kuoana kamwe. Mfaransa Jacques Herbrand, aliyefariki mlimani mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa ameudokeza utaratibu huo katika tasnifu yake ya 1930, lakini Robinson ndiye aliyeuweka katika sura inayoweza kutekelezwa na kompyuta.

Rezolusheni ilizaa matumaini makubwa na, muda si mrefu, masikitiko. Kompyuta iliyoachiwa uhuru wa kuunganisha sentensi yoyote na yoyote ilizalisha hitimisho kwa maelfu, mengi yakiwa hayana faida, na kumbukumbu ilijaa kabla jibu halijapatikana. Njia ya kutokea ilipatikana kwa kupunguza mamlaka ya mantiki yenyewe. Robert Kowalski, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alitambua kwamba sentensi za umbo moja mahususi, zinazoitwa vishazi vya Horn kwa heshima ya mwanamantiki Alfred Horn aliyeandika kuzihusu mwaka 1951, zinaweza kusomwa kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Kauli isemayo kwamba X ni babu wa Z iwapo X ni baba wa Y na Y ni mzazi wa Z ni sentensi ya mantiki, lakini pia ni maelekezo: ukitaka kutatua lengo la babu, tatua kwanza lengo la baba, halafu tatua lengo la mzazi. Sehemu ya kwanza ya kishazi huitwa kichwa, na malengo yanayofuata huitwa kiwiliwili. Kwa usomaji huo wa pili uthibitisho uligeuka kuwa utekelezaji wa programu, na uoanishaji ukawa ndiyo njia ya kupitisha taarifa kutoka kwa anayeita hadi kwa anayeitwa.

Wakati huohuo, mjini Marseille, Alain Colmerauer alikuwa na haja ya aina nyingine. Alikuwa amerejea Ufaransa mwaka 1970 kutoka Montréal, alikoshughulikia tafsiri ya lugha kwa kompyuta, naye alitaka mashine iweze kusoma maandishi ya Kifaransa na kujibu maswali kuyahusu. Kowalski alimtembelea kwa mwaliko wake mwaka 1971, na mazungumzo yao yaliunganisha haja ya mmoja na nadharia ya mwingine. Mwaka 1972 Colmerauer na Philippe Roussel walikuwa na lugha, ambayo mke wa Roussel alipendekeza iitwe Prolog, kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuandika programu kwa mantiki. Mfumo wa kwanza uliandikwa katika lugha ya Algol-W na kuendeshwa kwenye kompyuta ya IBM 360-67 iliyokuwa Grenoble, watafiti wakiifikia kwa njia ya simu kutoka Marseille. Programu kubwa ya kwanza ya Prolog, iliyozungumza na mtumiaji kwa Kifaransa, ilikuwa na vishazi 610. Mwaka 1973 Gérard Battani na Henri Meloni waliandika upya mfumo huo katika Fortran, na nakala za toleo hilo ndizo zilizosafiri hadi nchi nyingine za Ulaya na Marekani.

Mifumo hiyo miwili ilikuwa intapreta, yaani programu zinazosoma kila kishazi upya kila kinapohitajika na kukitekeleza hapohapo bila kukitafsiri kabla. Watu wa Marseille walifanya katika hatua hiyo maamuzi mawili yaliyobaki katika Prolog hadi leo, yote mawili kwa ajili ya kasi. Kwanza, malengo hutatuliwa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia, na vishazi hujaribiwa kwa mpangilio vilivyoandikwa, na pale njia moja inapokwama mfumo hurudi nyuma hadi mahali palipokuwa na chaguo jingine na kulijaribu. Pili, ukaguzi ambao Robinson aliuweka ili kuzuia kigeu kisioanishwe na usemi unaokijumuisha kigeu hichohicho uliachwa, kwa kuwa ungelazimisha mashine kupekua usemi mzima katika kila hatua. Uamuzi wa pili uliondoa dhamana ya kimantiki ambayo Robinson alikuwa ameijenga kwa uangalifu, nao haukuwa jambo dogo. Lakini bila kuuchukua, kukipa kigeu thamani kungegharimu kwa kadiri ya ukubwa wa thamani yenyewe, na lugha isingekuwa na matumizi nje ya maabara.

Mwanzoni mwa mwaka 1974 mtafiti kijana wa Edinburgh, David H. D. Warren, alikaa Marseille kwa muda, akajifunza lugha hiyo na kuandika ndani yake programu ya kupanga mipango iliyoitwa Warplan. Aliporudi Edinburgh alikuwa na imani ambayo wengi wakati huo hawakuwa nayo, kwamba Prolog inaweza kutafsiriwa na kompaila, yaani kugeuzwa mapema kuwa maagizo ya mashine, na kwamba ikitafsiriwa hivyo itaenda sambamba na Lisp, lugha iliyotawala utafiti wa akili bandia. Kwa kushirikiana na Luís Moniz Pereira na Fernando Pereira, waliotoka Lisbon, alijenga kompaila ya kompyuta ya DEC-10, ambayo sehemu yake kubwa iliandikwa katika Prolog yenyewe. Matokeo yalitolewa mwaka 1977 katika mkutano wa Rochester, jimbo la New York, yakiilinganisha Prolog na Lisp hatua kwa hatua, nayo yalionyesha kwamba programu ya mantiki haikuachwa nyuma kwa mbali kama ilivyodhaniwa. Tangu siku hiyo aliyetaka kudai kwamba mantiki ni polepole kwa asili yake alilazimika kuleta vipimo.

Siri ya kompaila hiyo ilikuwa jambo ambalo likishasemwa huonekana wazi, ingawa hakuna aliyelifanya kabla ya Warren. Intapreta hutumia utaratibu mmoja mkubwa wa uoanishaji kwa semi zote, bila kujali zina umbo gani. Lakini kichwa cha kila kishazi kinajulikana kabla programu haijaanza. Kompaila inaona kwamba hapa pana jina thabiti, pale pana kigeu kinachotokea kwa mara ya kwanza, na pale pengine pana muundo wenye sehemu mbili. Kigeu kinachotokea kwa mara ya kwanza hakihitaji kuoanishwa na chochote, kinahitaji kupewa thamani tu, na jina thabiti linahitaji kulinganishwa mara moja. Kwa hiyo uoanishaji mkubwa ulivunjwa kuwa maagizo madogo, kila moja likifanya kile tu kinachohitajika mahali pake. Hili ndilo wazo kuu la historia yote hii, na yaliyofuata, pamoja na uzito wake, yalikuwa ni kulisafisha.

Kompaila ya DEC-10 ilitegemea pia namna fulani ya kuhifadhi data iliyobuniwa Edinburgh na Robert Boyer na J Strother Moore, ambayo huitwa ushirikishaji wa miundo. Chini ya utaratibu huo mfumo haujengi muundo mpya unapohitajika, bali hushika vielekezi viwili, kimoja kikielekea kwenye kiunzi cha muundo kilichoandikwa ndani ya programu, na cha pili kikielekea mahali zilipo thamani za vigeu vyake. Neno moja la kumbukumbu ya DEC-10 lilikuwa na biti 36 na anwani yake ilikuwa ya biti 18, hivyo vielekezi viwili viliingia katika neno moja bila kubaki nafasi. Bahati hiyo ya maunzi ilikuwa na upande wake mchungu, kwa kuwa anwani ya biti 18 haiwezi kufikia zaidi ya maneno 262,144, na programu za Prolog zilikuwa na njaa kubwa ya kumbukumbu. Kompyuta mpya zilizokuja, kama VAX, zilikuwa na maneno ya biti 32 na anwani zilizojaza karibu neno zima, na faida ya vielekezi viwili kukaa pamoja ikatoweka. Maurice Bruynooghe wa Leuven na Christopher Mellish wa Edinburgh walikuwa tayari wameeleza njia mbadala, yaani kuunakili muundo mzima kwenye kumbukumbu kila unapoundwa, na ilionekana kwamba gharama ya kunakili hulipwa na wepesi wa kuusoma muundo baadaye.

Mazingira ya kimataifa yaliipa kazi hii uzito usiotarajiwa. Oktoba 1981 Japani ilitangaza mjini Tokyo mradi wa kompyuta za kizazi cha tano, na mwaka uliofuata ilianzisha taasisi ya ICOT chini ya Kazuhiro Fuchi, ikiwa na muda wa miaka kumi na bajeti iliyokuja kupita yeni bilioni 50. Wajapani walichagua mantiki, wala si Lisp, kuwa msingi wa mashine zao. Uamuzi huo uliwashtua Wamarekani na Wazungu, ukazaa programu za kujibu mapigo kama ile ya Alvey nchini Uingereza na kituo cha ECRC kilichoanzishwa Munich mwaka 1984 na kampuni za Bull, ICL na Siemens. Lugha iliyokuwa ikitumiwa na vikundi vichache vya vyuo vikuu ilijikuta katikati ya ushindani wa mataifa, na swali la namna ya kuitekeleza kwa kasi likawa swali la fedha nyingi.

Wakati huo Warren alikuwa amehamia SRI International, taasisi ya utafiti iliyoko Menlo Park, California. Oktoba 1983 alitoa huko ripoti ya kiufundi namba 309, iliyoeleza seti ya maagizo ya mashine dhahania kwa ajili ya Prolog. Wasomaji waliiita mashine hiyo WAM, kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza, na jina hilo likashika. Ripoti ilikuwa fupi na ngumu. Ilitaja rejista, maeneo ya kumbukumbu na maagizo, ikatoa mifano michache, lakini haikueleza kwa nini kila uamuzi ulichukuliwa, na msomaji aliyetaka kuelewa alilazimika kuijenga mashine mwenyewe na kugundua kwa kukosea kile ambacho mwandishi alikwisha kukijua.

Ndani ya WAM kumbukumbu imegawanywa katika maeneo machache, kila moja likiwa na kazi yake. Rundo la pamoja huhifadhi miundo iliyoundwa na programu. Rundo la ndani huhifadhi fremu za mazingira, ambazo hubeba vigeu vya kishazi kinachoendelea kutekelezwa, na pia huhifadhi vituo vya uchaguzi, ambavyo ni kumbukumbu za hali nzima ya mashine pale ambapo kishazi zaidi ya kimoja kingeweza kujaribiwa. Eneo la tatu ni njia ya nyayo, ambayo ni orodha ya vigeu vilivyopewa thamani tangu kituo cha mwisho cha uchaguzi, ili mashine inaporudi nyuma ivivue thamani hizo kimoja kimoja. Ubunifu wa hapa uko katika kutoandika kisichohitajika: kigeu kilichozaliwa baada ya kituo cha mwisho hakiandikwi kwenye njia ya nyayo, kwa kuwa kurudi nyuma kutakifuta chenyewe pamoja na eneo lake la kumbukumbu.

Mfano wa babu unatosha kuonyesha jinsi mashine hiyo inavyofikiri. Kishazi kinapoitwa, hoja zake mbili, yaani X na Z, huwa zimo tayari katika rejista ya kwanza na ya pili. Lengo la kwanza la kiwiliwili ni baba(X, Y), nalo pia linahitaji X katika rejista ya kwanza. Kwa kuwa X tayari iko hapo, kompaila haitoi agizo lolote kwa ajili yake. Huu ni uchumi wa ajabu, kwani kazi iliyopaswa kufanywa haipunguzwi tu, inatoweka kabisa. Kigeu cha Z kitahitajika baada ya lengo la kwanza kumalizika, na kwa hiyo huhamishiwa kwenye fremu ya mazingira, kama ilivyo kwa Y, ambayo inaonekana katika malengo yote mawili. Vigeu vya namna hiyo huitwa vya kudumu na hupewa herufi Y katika maandishi ya WAM, ilhali vile visivyohitaji kuishi kuvuka mwito huitwa vya muda, hupewa herufi X, na hubaki katika rejista. Kishazi kizima hutafsiriwa kuwa maagizo manane tu, na la mwisho kati ya hayo ndilo lenye hekima kubwa zaidi.

Kabla ya lengo la mwisho, mzazi(Y, Z), mashine hupakia hoja katika rejista, huitupa fremu ya kishazi cha babu, kisha huruka kwenda kwenye mzazi bila nia ya kurejea. Warren alikuwa ameonyesha faida ya hatua hiyo kwenye DEC-10 karibu na mwaka 1980, nayo ina maana kwamba kanuni inayojiita yenyewe mwishoni mwake haijazi kumbukumbu kwa fremu zisizo na kazi tena, bali huzunguka kama kitanzi cha lugha ya kawaida. Hatari iko hapo pia. Ikiwa Y bado haijapata thamani na makazi yake ni ndani ya fremu inayotupwa, rejista itabaki ikielekeza mahali ambapo pamekwisha kuchukuliwa na kitu kingine. WAM ina agizo maalumu kwa kigeu kama hicho, kisicho salama, ambalo hukihamishia kwenye rundo la pamoja kabla ya fremu kuondolewa. Wengi waliojaribu kuijenga mashine hii kutokana na ripoti ya 1983 walijikwaa hapo, na makosa yake ni ya aina mbaya sana, kwa kuwa programu huendelea kutoa majibu, ila majibu hayo si ya kweli.

Sehemu nyingine yenye thamani ni namna miundo inavyoshughulikiwa katika kichwa cha kishazi. Kichwa kikidai muundo fulani na hoja iliyoletwa ikiwa tayari ni muundo, mashine huingia katika hali ya kusoma na kuulinganisha sehemu kwa sehemu. Hoja ikiwa ni kigeu kitupu, mashine huingia katika hali ya kuandika, na maagizo yaleyale huanza kuujenga muundo huo kwenye rundo la pamoja. Mpangilio mmoja wa maagizo unatumikia pande zote mbili, na hivyo usemi wa kale wa wanamantiki, kwamba uhusiano hauna upande wa kuingilia wala wa kutokea, ulipata sura yake katika kiwango cha chini kabisa cha utekelezaji. Kuongezea hapo, maagizo ya kuchagua vishazi hutazama hoja ya kwanza kabla ya kuanza chochote, na kama hoja hiyo inafaa kwa kishazi kimoja tu, kituo cha uchaguzi hakiundwi kabisa.

Baada ya 1983 njia ziligawanyika mbili, na waliofuata ya kwanza waliamini kwamba mashine iliyoelezwa kwa ukamilifu hivyo inastahili kujengwa kwa chuma. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikundi cha Alvin Despain na Yale Patt kilibuni mashine ya PLM iliyotekeleza maagizo ya WAM moja kwa moja. ICOT iliingiza muundo wa WAM katika kompyuta yake ya pili ya PSI. Na kituo cha ECRC cha Munich kilijenga ile iliyoitwa KCM. Kasi ilipimwa kwa idadi ya hatua za mantiki katika sekunde moja, na kipimo kilichopendwa kilikuwa programu ndogo ya kugeuza orodha ya vitu 30 kinyumenyume kwa njia isiyo ya werevu, ambayo huhitaji hatua 496 kamili. Kipimo hicho kilidanganya kiasi, kwa sababu programu hiyo hairudi nyuma hata mara moja, na programu halisi za Prolog hurudi nyuma kila mara. Hata hivyo si kipimo kilichoziua mashine hizo. Chipu za kawaida zilikuwa zikiongezeka kasi mwaka hadi mwaka, zikitengenezwa kwa mamilioni, na kompyuta maalumu iliyochukua miaka kadhaa kujengwa ilifika sokoni ikikuta kwamba kompyuta ya mezani imeshaifikia. Mradi wa Japani ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiwa umeacha watafiti wengi waliofunzwa vizuri na mashine chache zilizopata wanunuzi.

Njia ya pili, ya kuiacha WAM ibaki bila mwili, ndiyo iliyoshinda. Warren mwenyewe, pamoja na Fernando Pereira, Lawrence Byrd na William Kornfeld, alianzisha kampuni ya Quintus mwaka 1984, na Prolog ya Quintus, iliyoigiza WAM kwa maagizo yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa, ikawa kielelezo cha tasnia. Nchini Uswidi Mats Carlsson aliongoza ujenzi wa SICStus. Porto kulizaliwa YAP. Na Daniel Diaz nchini Ufaransa alijenga mfumo uliokuja kuitwa GNU Prolog, ambao huyapeleka maagizo ya WAM hadi kwenye maagizo ya chipu halisi. Si kila mtu alifuata mkumbo, kwani SWI-Prolog, iliyoanzishwa na Jan Wielemaker huko Amsterdam mwaka 1987 na ambayo leo ndiyo inayotumiwa na wanafunzi wengi zaidi, ilijengwa juu ya mashine nyingine rahisi zaidi iitwayo ZIP. Mwaka 1991 Hassan Aït-Kaci alichapisha kitabu kilichoijenga WAM upya kutoka mwanzo, kikianza na lugha ndogo isiyo na lolote isipokuwa uoanishaji na kuongeza sehemu moja baada ya nyingine, na hatimaye sababu ambazo ripoti ya 1983 haikuzitaja ziliandikwa. Kwa waalimu na wanafunzi wa fani hii kitabu hicho kilikuwa ukombozi wa kweli.

Kueleweka kwa mashine kulifungua milango ya kuirekebisha na hata ya kuihoji. Peter Van Roy wa Berkeley, katika tasnifu yake ya 1990, alionyesha kwamba maagizo ya WAM yenyewe ni makubwa mno kwa kompaila inayotaka kuona kila hatua, akayavunja kuwa madogo zaidi, na baadhi ya programu zake ndogo zikakaribia kasi ya zile za lugha ya C. Huko Stony Brook, jimbo la New York, David S. Warren, ambaye ni mtu tofauti na mwasisi wa WAM ingawa majina yao yamewachanganya wasomaji wengi, aliongoza kikundi kilichounda SLG-WAM, mashine inayokumbuka majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa ili kanuni inayojiita yenyewe upande wa kushoto isizunguke milele. Nao Egon Börger na Dean Rosenzweig walitoa uthibitisho wa kihisabati kwamba tafsiri kutoka Prolog hadi WAM ni sahihi, wakishuka ngazi kwa ngazi kutoka maana ya lugha hadi maagizo. Hapo mantiki ilitumika kuithibitisha mashine iliyobuniwa kuitekeleza mantiki.

Uzao ulioenea zaidi wa mashine hii, hata hivyo, uko nje ya lugha za mantiki. Katika maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson nchini Uswidi, Joe Armstrong alianza mwaka 1986 kuandika lugha ya kuendesha mitambo ya simu, na toleo la kwanza la lugha hiyo, Erlang, lilikuwa intapreta iliyoandikwa katika Prolog. Ilikuwa polepole mno kwa kazi ya simu, naye akabuni mashine dhahania yake akiwa amejifunza kutoka kwa WAM, kisha Bogumil Hausman, aliyewahi kufanya utafiti wa Prolog sambamba, akatengeneza mrithi wake, BEAM, ambayo ndiyo inayoendesha Erlang hadi sasa, zikiwamo seva za WhatsApp. Vituo vya uchaguzi na njia ya nyayo havimo tena, kwa kuwa Erlang hairudi nyuma na vigeu vyake hupewa thamani mara moja tu. Lakini hoja bado hupita katika rejista ziitwazo X, vigeu vinavyopaswa kuishi kuvuka mwito bado hukaa katika fremu kwa jina la Y, na mwito wa mwisho bado huitupa fremu kabla ya kuruka, na ndiyo maana mchakato wa Erlang unaweza kuendelea kujiita wenyewe mwaka hadi mwaka bila rundo lake kukua.